Kona za Vikwembe

Siku ya kwanza niliingia ateliye ya ushonaji ya Mama Prezidanti nikiwa na mtoto mgongoni na diploma ya ualimu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimeizungusha diploma hiyo kwenye shule za Kamina mpaka mfuko ukapasuka, na kila mkurugenzi aliniambia nirudi wiki ijayo. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, ila siku hizi najua pa kuiweka.

Mama Prezidanti, tuliyemwita hivyo kwa sababu aliongoza kamati ya wamama parokiani, hakufungua mfuko.

"Hii diploma inashonaka?"

"Hapana, mama."

"Basi weka pale. Kamata mukasi."

Ninyi wasichana mnaoanza leo, kazi yetu ni kuvreli: kifuniko cha kitanda kinachoungwa kwa vipande vya vikwembe, yaani vitenge vya kujifunga, vya mteja mwenyewe. Unamuuliza kitanda ni cha nani, unachora mbele yake. Unakata patroni, yaani kipimo cha katoni, vipande vyote vilingane. Chini kitambaa cha mgongo, katikati blanketi kuukuu, juu vipande. Safu zote tatu unazishika kwa mishono mirefu ya muda kabla ya mashini. Ukiona uvivu hapo, kuvreli inaota tumbo na utaifumua yote.

Kanuni ya kwanza ya Mama Prezidanti ilikuwa kukata kona. Kona ya kikwembe huchakaa kabla ya sehemu nyingine, kwa kuwa mwanamke hufunga humo karanga, dawa, kila kitu. Pasi ya makaa hainyooshi mikunjo ile. Kona zilikwenda kwenye gunia, zikajaza mito ya kulalia.

Mwaka wa pili alinipa kazi yangu ya kwanza peke yangu. Papa Shefi, aliyekuwa shefi, yaani mkuu wa treni, mpaka pensheni, alileta vikwembe sita vya marehemu mke wake. Nilivipanga kama reli na mataruma yake, na nilijivuna sana. Akaja kuchukua kuvreli yake. Akapapasa kingo zote nne, akageuza, akapapasa tena.

"Kona ziko wapi?"

"Tulikata, papa. Zilichakaa."

"Zilichakaa sababu ya kifunguo. Minyi niko mu safari, treni inachelewa siku tatu, siku ine. Bibi yangu anafungaka kifunguo ya nyumba mu kona. Nikifika, hanisalimie kwanza. Anafungua kifundo, ananipa kifunguo. Ile ndiyo ilikuwa karibu yake. Na weye umetupa."

"Ungesema mbele, papa. Minyi siko nabii."

"Nyamaza," Mama Prezidanti akasema. "Nani alipaswa kuuliza?"

Mimi. Nilikuwa nimeuliza kitanda ni cha nani, sikuuliza nguo zilifanya kazi gani.

Gunia lilikuwa tupu. Mito minane ilikuwa tayari kwenye benchi, imeshonwa. Nikaipasua mmoja baada ya mwingine, mwanangu amekaa juu ya vipande anacheka peke yake kama mwendawazimu. Kona zenye mikunjo ya kifundo nilipata tano. Nilizishona katikati ya kuvreli bila kupiga pasi, upande mmoja tu, ncha zikabaki huru.

Papa Shefi alizihesabu kwa kidole gumba. "Ya sita?"

"Sikuipata, papa."

"Uko na kichwa ngumu. Lakini hausemake uongo."

Akatoa kifunguo mfukoni, akakifunga kwenye kona moja, mara mbili, polepole kama mtu asiyezoea. Kisha akakunja kuvreli akaenda nayo.

Toka siku ile kanuni ikabadilika, Mama Prezidanti mwenyewe akaibadilisha. Kabla ya mukasi tunauliza: alikuwa anafunga nini, na kona gani? Wateja wengine wanacheka, wengine wanatoka nje kwanza, ndipo wanajibu.

Mwezi uliopita niliacha ateliye, nashona nyumbani, ndipo ninapowafundisha ninyi. Diploma imo kabatini na hakuna anayeniambia nirudi wiki ijayo. Kikwembe nilichombebea binti yangu siku ile ya kwanza bado nakivaa. Sasa yeye yuko shule. Akirudi mchana nyumba imefungwa, ananikuta kwa jirani au sokoni. Hanisalimii kwanza. Anavuta kona yangu.

"Mama, fungua."