Mahali Mkasi Haukufika

Juzi nilikuwa kaunta ya polisi hapa Sumbawanga, nimepotelewa na kitambulisho. Mbele yangu alisimama mama mmoja kutoka Kaoze, amekumbatia fremu ya picha. Binti yake alichukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Mbeya. Alipiga simu mara moja tu, kwa namba ngeni, analia, ikakatika. Mama akaipeleka ile namba kwenye kampuni ya simu.

"Wamenijibu taarifa za mteja ni siri."

Askari akaomba picha. Binti aliituma kutoka huko aliko kwa mkono wa msafiri wa kupita, lakini mama alikuwa ameikata kwa mkasi, kama tufanyavyo wengi huku, akambandika binti ndani ya fremu, kando ya picha ya Bikira Maria.

"Mama, nyuma yake kulikuwa na nini?"

"Sikuangalia, mwanangu. Nilimtaka yeye tu."

Askari akaisogeza picha dirishani. Binti alikuwa ameshika kiuno, na pale kati ya mkono na mbavu mkasi haukuingia. Akapatazama kwa muda mrefu.

"Hawa ni dagaa, wameanikwa mchangani. Huyu hayuko Mbeya, yuko ziwani." Akanyanyua simu kuwapigia wenzake wa Kipili, kule ziwani.

Ndilo soko huria hilo. Mwenye namba, kwa kuwa ni mteja, analindwa na kampuni nzima, na binti wa watu analindwa na kipande cha picha kisichozidi ukucha.

Picha ya binti ilibaki kituoni. Mama alitoka na fremu yake, Bikira Maria upande mmoja, upande wa pili kadibodi tupu. Pale mlangoni akasimama, akakipangusa kioo kwa ncha ya kanga, upande ule mtupu.