Leo mume wangu hakuniita nimsomee

Leo nimeona wivu kwa sababu ya tovuti. Msinicheke.

Mume wangu ni mwalimu hapa Lushoto, na haoni. Simu humsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo.

Shida ilikuwa tovuti ya shule. Akijaza alama za wanafunzi na kubonyeza kuhifadhi, ujumbe kuwa zimeingia ulitokea juu ya kioo, lakini simu haikuusoma. Basi ananiita: "Mama Neema, zimeingia?" Naacha hata ugali jikoni, naenda kumwangalizia.

Wiki iliyopita alimweleza fundi wa tovuti, dada mmoja wa Tanga. Dada akairekebisha.

Leo nikasikia simu ikisema, "Alama zimehifadhiwa." Mwenzangu akacheka peke yake.

"Huyu dada ana akili sana," akasema.

Nilisimama mlangoni nimenuna. Miaka sita nimekuwa macho yake, na hajawahi kunisifia hivyo.

Akasikia nyayo zangu.

"Mama Neema, njoo."

"Kuna nini cha kusoma?"

"Hakuna. Njoo tukae tu."

Nimekaa. Ila huyo dada bado sijamsamehe. Wenzangu, nyie mngefanyaje?