Upepo Uliompitia Cucu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, Kitengela ilikuwa bado na uwanda mtupu nyuma ya nyumba yetu, na kila kiangazi vumbi liliinuka pale likajizungusha hadi juu ya nguzo za stima. Cucu, mama yake mama, aliyetoka Murang'a kuja kutulea, aliliita ngoma cia aka, pepo za wanawake. Alikuwa na sheria moja: zikija, simama, usizikatie njia. Anayeingia ndani hutoka na kichwa kinachozunguka.

Mimi niliingia. Ilikuwa Jumamosi, baada ya saa sita. Nina hakika kwa sababu mama alikuwa bado sokoni. Nilitaka kujua kama katikati kuna upepo au hakuna. Cucu alinikimbilia, akanivuta kwa sweta, akateleza, akaanguka chali kwenye changarawe. Aliketi kidogo akishika kisogo, akapangusa vumbi kwenye leso yake, akaniambia nisiseme neno.

Asubuhi iliyofuata alipogeuka kitandani alipiga yowe. Nyumba imepinduka, alisema. Ilitulia baada ya muda wa kusali Baba Yetu mara moja, lakini alipogeuka tena ikaanza upya, akatapika. Mama alipouliza kumetokea nini, Cucu alisema ngoma cia aka zilimpitia akianua nguo. Hakunitaja.

Tangu hapo alilala ameketi, mgongo ukutani. Nguo za kuanika kambani nilizianika mimi, kwa sababu hakuthubutu kuinua uso. Niliamini upepo ulinikosa mimi ukampata yeye, na kwamba utamzungusha hadi afe. Nilipotoka shule nilikimbia moja kwa moja kuangalia kama anapumua. Darasani nilitafuna kola ya sweta hadi ikalegea.

Mama alimpeleka kliniki moja karibu na steji ya matatu, nami nikafuata. Cucu alisema kizunguzungu, na neno hilo likatosha: akapimwa presha, akaandikiwa vidonge vya presha. Halafu daktari akauliza kama ameanguka siku hizi.

Cucu aliniangalia. "Sijaanguka," alisema. "Ni upepo."

Daktari alicheka, akamgeukia mama. "Basi mfungieni dirisha."

Vidonge vilikwisha na nyumba ikaendelea kupinduka. Mama akaanza kusema kwamba Cucu arudi Murang'a, akaombewe na watu wake. Hapo ndipo nilipoacha kula.

Aliyetuokoa ni Mama Naserian, aliyekuwa akituletea maziwa. Alimkuta Cucu akishika ukuta, akamwuliza maswali, kisha, akimwita bibi kwa Kimaasai, akasema, "Koko, mbuzi wangu akianza kuzunguka, mimi huangalia sikio kwanza. Kwani wewe nani amekuangalia sikio?" Mama hakupenda mama yake kulinganishwa na mbuzi. Hata hivyo, Jumatatu tulikuwa hospitalini Kajiado.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Cucu alipomwambia kizunguzungu, hakuandika.

"Ni kichwa kinazunguka, ama ni nyumba?"

"Nyumba."

"Ukisimama, ama ukigeuka kitandani?"

"Nikigeuka."

Akamketisha kitandani, akamgeuza uso upande wa kulia, akamlaza haraka hadi kichwa kikaning'inia kidogo ukingoni. Niliona macho ya Cucu yakichezacheza, yakirukaruka kama ya mtu anayehesabu mabehewa ya treni inayopita. Daktari alisubiri yatulie. Akageuza kichwa kushoto, akasubiri, akamlaza ubavu, akasubiri, kisha akamketisha. Hakukuwa na sindano wala dawa. Alieleza kwamba ndani ya sikio mna chembe ndogo kama chumvi. Zilikuwa zimetoka mahali pake, naye amezirudisha. Jioni hiyo Cucu alilala chali. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja apige yowe, na hakupiga.

Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilipata kazi ya kuhoji wagonjwa kwenye utafiti wa kizunguzungu, nikasoma kwamba kugonga kichwa kunaweza kuzitoa chembe hizo. Sikuweza kutulia. Wikendi ilipofika nilienda kwa Cucu, nikamkuta akimenya minji, nikamwambia haukuwa upepo, kulikuwa ni kule kuanguka.

"Najua," alisema. "Mtu akigonga kichwa si anajua amegonga kichwa?"

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia yule daktari wa kwanza.

"Mama yako alikuwa amesimama pale. Angeuliza nilikuwa nakimbiza nini. Na vile alikuwa anachapa siku hizo?"

Akaendelea na minji yake. Nilihesabu baadaye: siku kumi na tisa za kulala ameketi, ili mimi nisichapwe mara moja. Sijui kama ningekubali mabadilishano hayo, lakini hakuniuliza.

Kwenye fomu zetu kuna swali hilohilo, kama mgonjwa ameanguka. Wengi husema hapana. Wenzangu huandika hapana na kuendelea. Mimi huweka kalamu chini kwanza, nikaangalia ni nani amekaa kando yake.