Gari Juu ya Tangi

Asubuhi ile ningesema hapana, na mambo yangeishia hapo. Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama katikati ya boma langu, leveli mkononi, akipima ardhi huku na huku na kutikisa kichwa. Boma letu hapa karibu na Kabati liko mteremkoni. Hata bakuli la kuku lazima liwekewe jiwe upande mmoja.

"Mzee," akaniambia, "hii sakafu ya gari imeliwa yote na kutu. Nikikata mihimili gari likiwa limelala upande, bodi itajipinda na milango haitafunga tena mpaka Yesu arudi. Nataka mahali palipo sawa. Kama pale."

Alikuwa akionyesha tangi la maji la mke wangu. Nikasema sawa.

Tangi hilo lilikuwa chini ya ardhi, limefunikwa kwa slabu ya saruji. Maji ya mvua yalitoka kwenye paa la nyumba, yakashuka kwa mfereji wa bati na kuingia humo, nasi tukayachota kwa ndoo na kamba kupitia mfuniko uliokuwa pembeni. Bila tangi, kwetu huku unayafuata maji mtoni, saa nzima kwenda, na ukifika unachimba mchanga.

Nasema tangi la mke wangu kwa sababu mimi sikubeba hata jiwe moja. Lilichimbwa na wanawake wa mwethya wake, kikundi kinachohamia nyumba moja, kikafanya kazi mpaka iishe, kisha kikaenda nyumba inayofuata. Wakati huo nilikuwa dereva kule Kiboko, nikija nyumbani mwisho wa mwezi, na kila nikija nakuta shimo limezidi kina. Kila nyumba hupata zamu moja tu. Hiyo ndiyo sheria yao, na mke wangu, akiwa mwenyekiti, ndiye aliyeilinda.

Gari lenyewe lilikuwa kombi ya zamani ya kulalia safarini: kitanda cha kukunjwa, kabati, jiko dogo la gesi, sinki lenye bomba. Mgeni niliyemwendesha kwa miaka mingi aliniachia aliporudi kwao, nalo likasimama chini ya mgunga likiliwa na kutu mpaka nilipostaafu. Nilitaka kulifufua nimpeleke mke wangu mahali nilipokuwa nikipeleka watu wengine.

"Ni siku tatu tu," nilimwambia.

"Siku tatu zako nazijua. Uliwahi kusema unaenda kufanya kazi Kiboko mwaka mmoja." Akaitazama slabu. "Hii ilijengwa ya kubeba watu, si gari."

"Fundi amesema itabeba."

"Fundi ndiye atakunywa?" Kisha akachungulia ndani ya gari, akaliona lile sinki, akacheka. "Kwa hivyo gari lina bomba, na mimi nina kamba."

Tulilisukuma hadi juu ya slabu, tukatoa magurudumu, tukaliweka juu ya magogo manne. Siku tatu zikaisha kabla hatujajua kutu imefika wapi. Kila mahali fundi alipogonga kwa nyundo, nyundo ilipita. Alikata mhimili mmoja akakuta wa pili umeoza, na alipomaliza wa pili akaitwa kwenye kazi nyingine mjini Wote. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukakaribia miwili. Mke wangu aliacha kuuliza gari litatoka lini. Alichota maji akiwa ameinama chini ya bampa.

Ufa niliuona siku nilipokuwa nikifagia unga wa kutu. Ulikuwa mwembamba kama uzi, ukitoka chini ya gogo la nyuma kuelekea kwenye mfuniko. Mtu aliyeendesha malori hajidanganyi kuhusu saruji inayopasuka chini ya mzigo. Nilijua. Nikachukua gunia nikaufunika, na juu ya gunia nikaweka kopo la rangi. Jambo la kwanza, la kupandisha gari pale, niliombwa na fundi. Hili sikuombwa na mtu.

Tangu hapo kila asubuhi nilingoja mke wangu aingie jikoni, nikainua gunia. Mwanzoni hata njiti ya kiberiti haikuingia ufani. Baada ya siku kadhaa iliingia. Kisha msumari.

Mawingu ya mvua za vuli yakaanza kukaa juu ya milima. Mke wangu alipanda ngazi akafagia paa na mfereji kama alivyofanya kila mwaka, akashuka, akaja akasimama mbele yangu.

"Toa hilo gari. Nitawaita akina mama, tulibebe kwa mikono. Jeki isiguse slabu yangu."

Alikuwa sahihi. Wanawake ishirini wangeliinua taratibu na kulitoa. Lakini wangesogeza gunia.

"Gari langu halibebwi na wanawake," nikasema.

Nilimpigia fundi simu, akafika kesho yake na jeki. Aliposogeza gunia ili aiweke, akapitisha kidole juu ya ufa.

"Mzee, hii ni nini?"

"Plasta tu imepasuka. Inua."

"Una hakika?"

"Nimesema inua."

Akaanza kupiga jeki. Nyuma ya gari ikapanda kidogo. Mke wangu akatoka jikoni na ndoo, akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko, hatua mbili kutoka kwa fundi.

"Ngojeni nichote kwanza, kabla hamjanimwagia uchafu."

Hapo nikasikia slabu ikitoa sauti, kama bua kavu la mahindi likivunjwa kwa goti.

"Toka hapo!" nikapiga kelele.

"Usinipigie kelele. Maji ni yangu, nachota." Akaendelea kuvuta kamba.

Fundi ndiye aliyemshika mkono. "Mwaitu, toka!" akasema, akimwita mama kwa lugha yetu, akamvuta wakaanguka wote wawili kwenye majani. Slabu ikaporomoka. Gari likatumbukia kwa nyuma ndani ya tangi mpaka madirisha yakafika majini, na mafuta meusi yakatandaa juu ya maji.

Hakuna aliyeumia. Mke wangu aliketi pale chini akiwa bado ameshika ndoo. Aliliangalia gunia, kisha akaniangalia.

"Ulijua."

"Nilijua."

Mvua ilianza siku ya tatu. Ilikuwa nzuri, ya kujaza tangi. Maji yalishuka kwenye mfereji alioufagia, yakaingia shimoni na kutokea kwenye nyufa za ukuta wa tangi, yakaenda zake kwenye matuta. Nilimwambia aende kwa kikundi aombe msaada.

"Nikaombe nini?" akanijibu. "Yule mjane wa ng'ambo ya bonde, tangi lake lilipopasuliwa na mizizi, mimi mwenyewe nilimwambia zamu yake imepita. Alilia mbele ya watu wote."

Mjane huyo alikuja wiki ile. Aliweka mtungi wa maji mlangoni, akaondoka bila salamu. Mke wangu aliutazama mtungi ule mchana kutwa kabla ya kuugusa.

Gari lilivutwa kwa trekta likaenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kiangazi kilipoingia mke wangu alirudi kubeba maji kutoka mtoni, kwa umri ule, mpaka mgongo ukakataa. Binti yetu anayeishi Wote akaja kumchukua. Nilisema ni kwa muda tu, mpaka nijenge tangi lingine. Mke wangu alifunga nguo zake.

Hiyo sasa ni miaka minne. Sijajenga tangi. Yeye huja huku kukiwa na mazishi, na hurudi Wote siku hiyo hiyo. Kwa kukubali gari lipande juu ya tangi, na kwa kuficha ufa, nilimpoteza mke wangu akiwa hai, na ninaishi peke yangu.