Ushuhuda Wangu wa Mawe ya Nyongo

Mgonjwa wa kitanda cha pili alinigeuzia simu yake. "Mwangalie dada huyu. Alikunywa mafuta tu, mawe yakatoka yote. Mimi sipasuliwi ng'o."

Dada wa kwenye simu alikuwa mimi.

Ngoja niwaeleze, maana balaa hili nililitafuta kwa mikono yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka jana nilianza kuumwa chini ya mbavu za kulia, hasa nikila vya mafuta. Maumivu yanapanda hadi begani, natapika, kisha yanapoa. Nikajipa jibu mwenyewe: vidonda vya tumbo. Nikawa nabugia maziwa, tena yale mazito yenye mafuta tele. Haya, cheka.

Mteja mmoja akaniambia hayo ni mawe ya nyongo, akanishauri ninywe mafuta ya zeituni na ndimu yatoke. Kesho yake chooni nikatoa vidonge vya kijani, saizi ya njegere.

Shoga, nilijipodoa, nikavaa wigi, nikajirekodi nikimshukuru Mungu. Watu elfu arobaini wakaangalia. Wakaniita Daktari Cherehani, nami nikaitika.

Miezi mitatu baadaye nikazidiwa. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha mawe saba yametulia kwenye mfuko wa nyongo.

"Na yale ya kijani?" nikamuuliza daktari.

"Ni mafuta uliyokunywa, yaliganda tumboni."

Mfuko ukatolewa, nikalazwa karibu na huyu wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu. Macho yake yalikuwa ya manjano, jiwe limeziba njia ya nyongo. Daktari alishamwambia akichelewa atakufa. Nikaogopa kweli, maana aliyemponza ni mimi.

"Mwalimu, huyo ni mimi." Nikamwonyesha na mishono.

Akanitazama, akatazama simu. "Yule mzima, mwanangu. Wewe mgonjwa. Usijifananishe na watu."

Nikaapa. Wapi.

Basi nikageukia ukutani, nikajirekodi upya, dripu mkononi: "Mawe hayakutoka. Nilidanganyika, nikawadanganya. Nimepasuliwa. Nawe ukiambiwa upasuliwe, saini." Nikarusha.

Simu ya kitanda cha pili ikalia. Akatazama mara mbili, hatua moja kutoka nilipolala.

"Nesi, lete ile fomu," akaita. "Yule dada amekiri. Maskini, amekonda."

Kisha akanigeukia. "Umeona? Waungwana bado wapo. Siyo wewe, unayejifanya yeye."

Nikamwambia, "Kweli, Mwalimu." Ningebisha nini?

Alipona. Mpaka leo ananifuata mtandaoni, na salamu zangu za ana kwa ana haitikii.

Ndugu zangu, ukiumwa tumbo kapimwe. Shuhuda za mtandaoni zisome ukirudi, na huu wangu pia.