Kidonge cha Muzee wa Nyakabere

Siku ya kwanza niliingia farmasi nikiwa bado ninanuka ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikauza samaki bandarini Kalundu, nikavusha vitenge kutoka Bujumbura, nikalima mihogo kidogo na kuchoka. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Hapo miguu ilianza kuniwasha. Gérante, mfamasia aliyesimamia duka lile hapa Uvira, alinitazama akasema, "Dada, nawa mpaka kwenye viwiko, halafu fagia. Na rafu usiziguse."

Nilizigusa saa ileile, kwa kutaka kujua. Alinifokea, kisha akanieleza nilichokuwa nimeshika ni dawa ya nini. Ndiyo maana nilibaki.

Kazi tuliifanya hivi. Mgonjwa alileta ordonansi, yaani cheti cha daktari. Unasoma kwanza jina la mtu, ndipo jina la dawa, halafu kipimo. Mwandiko usipoeleweka unampigia daktari simu. Kubahatisha kulikuwa mwiko. Mwenye mutuelle, ile bima ya afya ambayo familia huichangia, alileta pia kadi yenye majina ya watu wa nyumba yake, na bon, karatasi ya kituo cha afya yenye muhuri. Muhuri ukikosekana, mgonjwa alirudi kituoni kupanga foleni upya. Nimetukanwa kwa Kifuliiru, kwa Kirundi na kwa Kifaransa kwa sababu ya muhuri. Kwa wasiosoma, tulichora kwenye pakiti jua la asubuhi au mwezi, wajue saa ya kumeza.

Nilipokwisha kuaminiwa kusimama kwenye dirisha la kutolea dawa, tulikuwa na muzee mmoja, mkulima wa Nyakabere, aliyechukua dawa ya tansiyo, shinikizo la damu. Hakukosa kuja hata mara moja. Hata hivyo kila akipimwa, tansiyo iko juu, na daktari anamwongezea kipimo. Ndipo akaja mkaguzi wa mutuelle, akapekua ordonansi zake, akasema, "Huyu anauza dawa sokoni. Mwisho wa mwezi nafuta kadi yake."

Bila kadi, muzee asingepata dawa popote, na kiharusi kingemwangusha shambani. Nilimwambia Gérante kwamba siamini.

"Kutoamini hakutoshi," akanijibu. "Tafuta ukweli. Lakini usimuulize kama anauza. Uliza nyumbani kwake wanaishi namna gani."

Muzee alipokuja nilimwekea kiti.

"Muzee, hii dawa unakunywaka vizuri?"

"Nakunywaka. Weye unawaza minye niko naiuza? Nitauzia nani, mbuzi?"

"Hapana, muzee wangu. Na kule nyumbani, nani mwingine kichwa kinamuumaka?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Bibi yangu. Yeye pia iko na tansiyo. Tunakataka kidonge, kila mutu nusu. Sasa nitakula aje peke yangu, na yeye ananiangalia? Tangu nimuoe, sijamufichaka chakula."

Kumbe kila daktari alipoongeza kipimo, walikata kikubwa zaidi, na nusu ile haikumtosha yeyote. Jina la mke halikuwa kwenye kadi. Nafasi walikuwa wamewapa wajukuu.

Nilimwomba amlete. Mkewe alifika kwa moto, pikipiki ya abiria, akiwa ameshika mgongo wa motari, mwendeshaji wake, kwa mikono miwili. Gérante akampima, akampima tena. Tansiyo yake ilikuwa mbaya kuliko ya mumewe.

Nikaenda ofisi ya mutuelle, nikaeleza jinsi walivyokuwa wakikata vidonge. Mkaguzi akasema muda wa kuandikisha watu umepita, nirudi baada ya mavuno. Nikaketi kwenye benchi. Alitoka kula, akarudi, akanikuta.

"Weye mama, hauna kwako?"

"Niko nako. Lakini leo niko hapa."

"Sheria ni sheria."

"Njoo basi umupime mwenyewe, halafu umwambie kwa mdomo wako angoje mavuno."

Alikuja kweli, akilalamika njia nzima. Aliona mashine inavyosoma, akatoa kalamu. "Muzee anabaki. Bibi anaandikwa leo. Ila mukigawana tena, nafuta wote wawili!"

Daktari alipomwandikia mke ordonansi yake, na bon ikapigwa muhuri, nilitoa pakiti mbili. Muzee aliitazama ile ya pili kama mtu aliyenyang'anywa kazi yake ya kugawa. Mkewe akamsukumia maji.

"Meza. Kizima. Toa ulimi, nione."

Foleni nzima ilicheka. Tansiyo zao zilishuka polepole, na daktari akaanza kupunguza kipimo cha muzee.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaosimama kwenye dirisha lile mna simu zinazosoma kadi haraka kuliko macho yangu. Vizuri. Lakini simu haiulizi nani mwingine anaumwa nyumbani. Hilo bado ni la mdomo wenu, hata foleni ikipiga kelele.

Mimi mwenyewe nimeanza dawa ya tansiyo. Juzi mdogo wangu, ninayeishi naye, alinyoosha mkono akasema, "Dada, nikatie kidogo, kichwa kinaniuma." Nilifunga pakiti, nikavaa viatu, nikasimamisha moto. Alikuwa bado ananiita mchoyo tulipofika kituo cha afya, nami bado nilikuwa nimemshika mkono.