Njia Niliyopitisha kwa Jina Lake

Swali langu la kwanza katika chuo kile cha ufundi, pembeni mwa mji wa Machakos, lilihusu proksi. Kitengo cha kompyuta kilikuwa na watu wawili, mimi na bosi wangu, na nilitaka kujua kwa nini mtandao mzima upite kwenye mashine moja inayokagua kila tovuti tunayofungua na kukataa kila kisichokuwa tovuti. Bosi alisema hiyo ndiyo sera. Nikauliza sera yenyewe imeandikwa wapi.

"Wewe," akasema, "utauliza hata kwa nini chai iko moto."

Ofisi ikacheka. Nami nikacheka, lakini neno lile lilinichoma.

Nilikuwa nimekodisha seva ndogo, yaani kompyuta ya mbali, huko ng'ambo, ambayo nilijifunzia mambo ambayo chuo kikuu hakikunifundisha. Seva ya namna hiyo huiendeshi kwa kubofya picha. Unaingia kupitia dirisha jeusi, unaandika amri, inakujibu. Hilo si ukurasa wa tovuti, kwa hivyo proksi ililikataa. Lakini proksi ile ilikuwa kama askari wa lango anayepekua kila mkoba isipokuwa wenye kufuli, kwa sababu ameambiwa kwamba wenye kufuli ni watu wa benki na wa serikali. Nikaiweka seva yangu isikilize kwenye mlango uleule unaotumiwa na tovuti hizo zenye kufuli. Kisha nikatafuta programu ndogo ya kuiomba proksi inifungulie njia hadi huko, na ndani ya njia hiyo nikapitisha dirisha langu jeusi.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Proksi iliwafungulia njia hizo watu wachache tu, kwa jina na nenosiri, na jina langu halikuwamo. Jina la mama wa ofisi ya rekodi lilikuwamo, maana ndiye aliyetuma matokeo ya wanafunzi serikalini.

Tulimwita anti. Alitoka upande wa Muthetheni, na aliajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili kufanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kuchukua rejista za zamani zilizoandikwa kwa mkono na kuingiza majina yote kwenye kompyuta, ili mtu aliyepoteza cheti asizungushwe. Aliahidiwa kwamba akimaliza orodha hiyo kabla ya mkataba kwisha, ataajiriwa kabisa. Alikuwa amebakisha kidogo sana.

Nenosiri lake nililijua. Pale kwetu kompyuta ikigoma, mtu humwita kijana wa kompyuta, akampa kiti, akamtajia nenosiri kwa sauti, akaenda zake kuchukua chai. La anti lilikuwa jina la ng'ombe wake na tarakimu mbili. Nikaliandika kwenye programu yangu. Nilijiambia kwamba simwibii chochote, kwamba sheria isiyo na sababu haina haki ya kutiiwa. Nilikuwa na hoja nzuri. Huwa ninazo.

Njia ile niliiacha wazi kila siku ya kazi, asubuhi hadi jioni, kwa wiki kadhaa. Kisha bosi akachapisha ripoti ya proksi, na jina la anti likawa juu kabisa: muunganisho na mashine ya ng'ambo, mchana kutwa. Chuo kikadhani anauza matokeo ya wanafunzi. Akapewa barua ya kujieleza.

Aliniletea mimi hiyo barua.

"Mwana wakwa," akaniita mwanawe kwa Kikamba, "wewe unajua hivi vitu. Hii kitu wanasema niliacha wazi, niliifungua saa ngapi?"

Nikaichukua. Ripoti ilikuwa imebanwa nyuma ya barua, na niliona mara moja kilichokosekana. Proksi huandika pia namba ya mashine iliyotumika, lakini safu hiyo ilikuwa imekatwa ili ripoti itoshee kwenye karatasi. Namba ile ingewaleta moja kwa moja kwenye meza yangu. Mimi niliyeuliza sera imeandikwa wapi, siku hiyo sikuuliza safu imeenda wapi.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwandikia jibu, barua safi yenye adabu, isiyo na uongo hata mmoja kwa upande wake. Kesho yake akaniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli lenye mfuniko. Niliumaliza.

Kamati ya chuo iliyosikiliza kesi yake ilikuwa ya watu watano, bosi wangu akiwamo. Waliniita kama mtaalamu, wakataka kujua kama jambo lile lingeweza kutendeka bila yeye kujua. Nikasema linawezekana, virusi hufanya hivyo. Na ni kweli, hufanya. Anti akashusha pumzi. Bosi wangu akatia sahihi kwamba ni virusi, akaagiza kompyuta yake ifutwe yote siku hiyohiyo, wala kisitolewe kitu, hata kwa flash.

Anti alimwomba anusuru orodha tu. Bosi akanigeukia, akaniuliza kama nina hakika faili ile ni safi. Kusema nina hakika kulikuwa kukiri kwamba najua hakuna virusi. Nikasema sina hakika. Kisha nikakaa kwenye kiti chake, naye akiwa amesimama nyuma yangu, nikaifuta kompyuta kwa mkono wangu.

Jumatatu alianza upya, rejista ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Nikawa naenda kwake saa ya chakula, namsomea majina naye anayaandika. Alinishukuru kila siku, na kila siku nilizipokea shukrani hizo. Wiki ya pili, katikati ya ukurasa, nikashindwa kusoma. Nikamwambia yote.

Hakuondoa vidole kwenye kibodi.

"Kwa hivyo orodha yangu ilikuwa nzima."

"Ndiyo, anti."

Akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema yeye peke yake.

"Mimi nilijua sikufanya," akasema. "Kawaambie wale hawajui."

Nilienda kwa bosi. Alifunga mlango, akasema kesi iliisha, sahihi yake iko pale, niache kujitafutia makuu. Nikarudi kwa anti kumweleza kwamba nimejaribu. Nadhani nilitarajia aniachilie.

"Kwa kile chumba walikuwa watano," akasema. "Huyo bosi wako ni mmoja."

Basi nikaandika kuomba kamati ikae tena, ikakaa, nikasema yote. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Mmoja wao aliniuliza nilikuwa nikifanya nini huko ng'ambo mchana kutwa. Nikamwambia nilikuwa najifunza. Alinitazama kama anayesubiri sehemu iliyobaki, na hakukuwa na sehemu iliyobaki. Laiti ningekuwa na sababu kubwa zaidi, hata mbaya, ya kumpa.

Mkataba wangu ulivunjwa Ijumaa hiyo. Anti aliandikiwa barua ya kufuta shutuma, akaongezewa miezi mitatu ya kumaliza orodha. Miezi mitatu, kwa kazi iliyomchukua karibu miaka miwili. Hakuna aliyeuliza hesabu hiyo inatokaje, na mimi sikuwa tena na mahali pa kusimama kuuliza.

Kabla ya kuondoka nilipita ofisini kwake, nikamwambia naweza kuja Jumamosi kumsomea, bila kuhesabiwa chochote. Alinisikiliza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema atanipigia simu akihitaji mtu. Kisha akaiinamia kazi yake. Rejista zilikuwa kumi na tisa, naye alikuwa kwenye ya pili.

Hajapiga.